Mtaa Mmoja, Mifuko Mitano: Kuomba Fedha za Usafiri Katikati ya Mtwara

Ukisimama kona ya Soko Kuu la Mtwara saa moja na nusu asubuhi, unaona barabara moja tu. Bajaji zimejipanga mbili mbili, Hiace imesimama katikati ikisubiri abiria mmoja wa mwisho, mama mwenye ndoo ya samaki anashuka kwenye lami kwa sababu pembeni pamejaa viazi, na lori linapiga honi nyuma yao wote. Kwa macho ni barabara moja, ila kwenye makaratasi hapo pana wenyewe wasiopungua watano. Lami ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au ya TANROADS, wakala wa barabara za taifa, ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa. Soko, stendi na vibanda ni vya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Leseni za Hiace, njia zake na nauli ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Nguzo ni ya TANESCO. Bomba lililo chini ya mtaro ni la MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Na anayepuliza filimbi ni trafiki.

Maombi mengi ya fedha hufia hapo. Watu wa mtaa wanakaa kikao, wanaandika barua moja yenye mambo saba (lami, mtaro, taa, stendi, matuta, bajaji, nauli), wanaipeleka kwa Mkurugenzi wa Manispaa, na Mkurugenzi anajibu kwa heshima kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Kati ya hayo saba, yeye ana mamlaka ya kulipia labda mawili. Matano yaliyobaki hayana mtu, na barua inalala kwenye faili.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, chora mtaa wenu kwenye karatasi ya A3 na uandike mwenye kila kitu. Kazi hiyo haizidi saa mbili. Ukishindwa kujua barabara ni ya nani, nenda ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya uulize jina la barabara kwenye orodha yao na ilipoanzia kuhesabiwa. Barabara ikiwa kwenye orodha ya TANROADS watakwambia hapo hapo. Isiyo kwenye orodha yoyote ni tatizo la aina yake: haiwezi kutengewa fedha za matengenezo mpaka iingizwe kwanza, na ombi lenu la kwanza liwe hilo, si lami.

Mifuko yenyewe

Mfuko wa Barabara ndio unaotajwa kila siku, na ndio usioeleweka zaidi. Fedha zake hutoka hasa kwenye tozo ya mafuta: kila lita ya petroli au dizeli unayoweka kwenye bajaji ina sehemu yake humo. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na nyongeza ikaelekezwa kwenye barabara zinazosimamiwa na TARURA. Sasa sikiliza hili: sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo na dharura. Kipya hakipati zaidi ya asilimia 10, na hiyo kumi inagombewa na nchi nzima. Ukiomba Mfuko wa Barabara ukujengee kituo cha kushushia abiria, umeshakosa kabla ya kikao kuanza. Ukiomba kuzibuliwa mtaro uliojaa mchanga, kuziba mashimo, kubadilishwa kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) lililovunjika, kuchorwa upya alama za pundamilia zilizofutika, hayo yote ni matengenezo na yana kifungu chake.

Hii si hila ya maneno. Barabara nyingi za katikati ya mji wetu hazihitaji kujengwa upya, zilijengwa, zikaachwa. Mtwara ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga na bandari yenye kina, na waliopima viwanja walifikiri watakuwa na mji mkubwa kweli kweli. Ndiyo maana mitaa ya hapa ina upana ambao watu wa Lindi au Tanga ya zamani wangeuonea wivu. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960, kata ya Reli ikabaki na jina. Nafasi ya barabara ipo. Kilichopo juu yake ndicho kimevurugika.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani ya Manispaa. Halmashauri inatakiwa kutenga sehemu ya mapato hayo kwa maendeleo, kwa kiwango kinachotegemea uwezo wake, na ndani yake inatoka ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Inayobaki ndiyo inagawanywa kwa madarasa, zahanati, soko, stendi. Huko ndiko pa kuombea vitu vya Manispaa yenyewe: vibanda vya kusubiria abiria, taa za eneo la soko, vyoo vya stendi, kupanga upya wafanyabiashara wadogo.

Hapa niweke neno moja ambalo watu wa mjini hawapendi kulisikia. Tunasema "mkoa wetu una gesi, una korosho, una saruji, fedha ziko wapi?" Gesi inachakatwa Madimba, na Madimba iko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, si Manispaa. Kiwanda kikubwa cha saruji nacho kiko upande huo huo. Ushuru wa huduma, ule unaotozwa kwa asilimia ndogo ya mauzo, hulipwa kwa halmashauri ambako shughuli inafanyika. Ushuru wa korosho, asilimia 3 tangu mwaka 2017, hubaki ilikolimwa: Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyamba. Manispaa inapokea malori. Inapokea foleni ya maghala, madereva wanaolala chini ya gari, na matairi yanayokata kingo za lami kwenye kila kona. Hoja hii ina nguvu sana mbele ya kikao cha mkoa ikiandikwa kwa namba, kwa sababu mwenyekiti wa kikao hicho ni Mkuu wa Mkoa, na mkoa mzima unafaidika na bandari ambayo Manispaa ndiyo inayoibebea mzigo barabarani.

Ongezea na hesabu ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya gari. Kiwango cha Afrika Mashariki ni tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Madhara ya lami hayapandi sawa na uzito. Hupanda kwa kipeo cha nne hivi. Ekseli ya tani 12 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi ya ile ya tani 10, inaharibu karibu mara mbili. Barabara za ndani zilizojengwa kwa kubeba Hiace na gari dogo hazina tabaka la kuhimili hata hizo tani 10 zikipita mfululizo kuanzia Oktoba hadi Januari. Kwa hiyo ombi la bei nafuu kuliko yote katikati ya mji linaweza kuwa si lami bali vibao vya kuzuia malori kwenye mitaa minne au mitano, nguzo fupi za chuma kwenye vichochoro, na njia moja iliyotajwa wazi ya kwenda bandarini.

Mfuko wa tatu ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Ni mdogo. Unafaa kumalizia kilichoanzishwa na nguvu za wananchi: mabati ya kibanda, saruji ya mifuniko ya mtaro. Usipeleke humo ombi la barabara.

Wa nne ni Hazina, kwa ile inayoitwa miradi ya kimkakati ya kuongeza mapato ya halmashauri. Stendi na masoko mapya katika miji mingi yamepitia huko. Wanataka upembuzi yakinifu, eneo lisilo na mgogoro lenye hati ya halmashauri, na hesabu inayoonyesha mradi utaingiza kiasi gani. Watu huanguka kwenye hiyo hesabu. Wanaandika mabasi yote ya mkoa yataingia stendi kila siku, yatalipa yote, na fremu zote zitapangishwa mwezi wa kwanza. Stendi ikiwekwa mbali na soko bila njia ya bajaji na Hiace kuunganisha, mabasi yatapakia kwa kuiba mjini saa kumi usiku, na mapato yatakuwa nusu ya yaliyoandikwa. Weka makadirio ya chini na uyaeleze. Mchambuzi wa Hazina ameshaona mengi ya aina ile nyingine.

Wa tano ni TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia kwa miji 45, unaosimamiwa na TARURA chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kabla yake ulikuwepo mradi wa miji ya kimkakati, ambao Mtwara-Mikindani ilikuwemo, na Lindi ilikuwa kwenye programu nyingine ya miji 18. Mwananchi au umoja wa madereva hauombi TACTIC moja kwa moja. Unachofanya ni kuhakikisha barabara yenu imo kwenye orodha ya vipaumbele ya Baraza la Madiwani, na imo juu, siyo namba 23. Orodha hiyo ikishatoka Mtwara haiandikwi upya Dodoma.

Lindi nako wapo wenyewe wengine. Anayeomba kuboreshewa usafiri wa Lindi mjini akasahau kivuko cha Kitunda amesahau nusu ya abiria wake, na kivuko ni cha TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme. Mji wenyewe uko chini ya kilima, maji yanashuka kwa kasi kuelekea baharini, kwa hiyo mitaro yao inabomoka. Ya kwetu Mtwara haibomoki, inajaa.

Kuhesabu

Ombi lisilo na namba ni malalamiko. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma kwani barabara yetu ni mbovu mno na wananchi wanateseka." Ya pili, kwa mfano: "Tunaomba kubadilishwa kwa kalavati la kipenyo cha sentimita 60 lililo mita 40 kutoka kona ya soko, lililobomoka upande wa kushoto kwa urefu wa mita 3. Baada ya mvua maji hukaa juu ya lami kwa saa 5, kina sentimita 20, na Hiace hupita upande mmoja." Mhandisi akisoma ya pili anajua ni gari gani apeleke, mafundi wangapi, na kifungu gani. Ya kwanza anaipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii.

Kuhesabu magari hakuhitaji mtambo. Kunahitaji watu sita kwa njia panda ya barabara nne: wanne wanahesabu, wawili wa kupokezana. Fomu iwe na safu hizi: waenda kwa miguu, baiskeli, mkokoteni, bodaboda, bajaji, gari dogo, Hiace, Kosta, basi kubwa, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu na zaidi. Mistari ya fomu ni kila robo saa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kila kinachopita unapiga kijiti, cha tano unakikatisha wanne. Hesabuni siku tatu: siku moja ya katikati ya wiki, Ijumaa, na Jumamosi. Ijumaa usiiache, kuanzia saa sita mchana mji wa Mtwara una sura nyingine, na barabara za misikitini hujaa kwa saa moja na nusu kisha zinatulia. Kama mnaweza, rudieni mara mbili kwa mwaka, Novemba korosho zikiwa barabarani na Juni zikiwa zimekwisha. Tofauti kati ya fomu mbili hizo ndiyo hoja yenu ya malori, hamtahitaji maneno mengine.

Makosa yanayojirudia: mhesabuji kukaa kivulini mahali ambapo lori likisimama mbele yake haoni chochote; kumhesabu bajaji anayegeuza kama magari mawili; kuandika kwa kukadiria saa ya mchana jua likiwa kali, halafu namba zinatoka duara duara, 40, 50, 60. Mkaguzi mzoefu anazitambua hizo kwa kutazama tu. Dawa yake ni kujumlisha mwisho wa siku: vilivyoingia kwenye njia panda na vilivyotoka visipishane zaidi ya asilimia 5. Vikizidi hapo, siku hiyo irudiwe.

Bajaji zilizosimama zina hesabu yake peke yake. Kila nusu saa mtu mmoja anapita kijiweni na kuandika ngapi zimesimama na ngapi zina abiria. Bajaji moja ina urefu wa mita 2.6 hivi na upana wa mita 1.3. Zikipanga foleni ya moja nyuma ya nyingine, bajaji 12 zinakula mita 36 za ukingo wa barabara. Zikipaki ubavu kwa ubavu zikitazama nje, kila moja na nafasi yake ya mita 1.8, zinahitaji mita 22 tu, ila kina cha mita 3.5. Uamuzi kati ya hizo mbili unategemea upana mlio nao, na ndiyo maana ramani ya A3 inatangulia. Uongozi wa madereva wa kijiwe uwepo siku ya kupima kwa futi. Kijiwe kilichochorwa ofisini bila wao kitakuwa kivuli cha kuuzia mihogo, na bajaji zitarudi pale pale penye abiria.

Namba za ajali ombeni kwa trafiki kama jumla, kwa miezi na kwa eneo, bila majina. Waandikieni mapema.

Kipande cha mita 100

Tuchukue kitu kimoja tukione kwa karibu: njia ya waenda kwa miguu, urefu mita 100, upana mita 2, kati ya soko na kituo cha Hiace. Mita 2 kwa sababu watu wawili wenye mizigo wanahitaji kupishana, mita 1.2 inaonekana inatosha kwenye mchoro, lakini mwenye ndoo kichwani na mwenye mtoto mgongoni hawapishani hapo, mmoja atashuka barabarani.

Eneo ni mita za mraba 200. Pevingi (matofali ya zege ya kutandaza) za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ni 10,000, ongeza asilimia 5 ya kuvunjika na kukata: 10,500. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa miguu. Penye mlango wa gari la kushusha mizigo weka za sentimita 8, vinginevyo kwa msimu mmoja zitakuwa zimelala kama kitanda cha kamba. Mchanga wa kulalia ni sentimita 3 baada ya kushindiliwa, yaani mita za ujazo 6, agiza 7.5 kwa kuwa hushuka. Tabaka la chini ni sentimita 10 zilizoshindiliwa, mita za ujazo 20, agiza 25. Mawe ya ukingo ya mita moja moja ni 100 upande wa barabara, na ya kubania 100 upande wa maduka. Kazi ya pevingi bila kubaniwa pande zote mbili huanza kufumuka kutoka pembeni, nayo ndiyo iliyozoeleka mjini.

Mchanga usitoke ufukweni. Mbali na kwamba kuuchota ni kosa, una chumvi. Pevingi hutoa unga mweupe na nondo za mifuniko zinaliwa. Kokoto nazo zihesabiwe na safari yake. Pwani yetu ni mchanga na matumbawe, miamba migumu iko bara kuanzia upande wa Masasi, kilomita 200 hivi. Anayenakili bei za Dar es Salaam kwenye mchanganuo wa Mtwara atapatia saruji, kwa kuwa kiwanda kiko jirani, na atakosea kokoto vibaya. Bei sahihi ziko kwenye mikataba ya TARURA ya mwaka huo huo wilayani. Muombeni mhandisi awape viwango vya wastani, mara nyingi hatakataa. Halafu msisahau VAT asilimia 18, dharura asilimia 5 hadi 10, na usimamizi.

Mtaro chini ya njia hiyo ndio utaamua kama kazi itadumu. Mji ni tambarare. Mteremko wa chini kabisa unaohitajika ni sentimita 5 kila mita 10. Chini ya hapo mchanga unatua na kukaa. Sehemu za bonde kama Kiyangu maji hayana haraka ya kwenda popote, kwa hiyo kipimo cha mwinuko kifanyike mpaka mtaro unakomwagika, siyo kuishia mwisho wa mtaa wenu. Kila mita 25 au 30 weka shimo la kunasia mchanga, lenye kina cha sentimita 30 chini ya sakafu ya mtaro. Na mifuniko: ya zege ya sentimita 60 kwa 80, unene 10, ina kilo 115 hivi. Watu wawili hawainyanyui, kwa hiyo haitanyanyuliwa, kwa hiyo mtaro hautasafishwa. Ifanye sentimita 40 kwa 80, iwe kilo 77, na uache matundu mawili ya kuingiza ndoano. Kwa vijana wawili wenye ndoano inatosha. Makalavati ya kuvuka barabara wahandisi hupendelea kipenyo cha sentimita 90, kwa sababu ile ile: la 60 likiziba hakuna mtu anayeingia kulizibua.

Taa za sola ukiziomba, omba na betri za kubadilisha. Nguzo kila mita 25 hadi 30. Betri nzuri inakwenda miaka mitano hadi saba. Baada ya hapo mnabaki na nguzo. Andika kwenye ombi ni idara gani italipa betri za pili, kwa jina la kifungu.

Walio pembeni ya barabara

Mama lishe na wauza matunda ndio wataamua mradi uende au usimame. Kisheria, aliye ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni uliotengwa kwa barabara, hana fidia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mkoa, kutoka mita 22.5 za zamani, na aliyejenga kabla ya hapo, katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, ana madai yake. Mitaa ya ndani ya mji hufuata michoro ya mipango miji. Fedha za Benki ya Dunia, hata hivyo, zina masharti tofauti: hata asiye na hati wala kibali, akipoteza pa kuuzia, lazima aorodheshwe na asaidiwe kurudisha kipato chake. Kwa hiyo kabla ya kujua mfuko, fanyeni orodha ya wote, meza kwa meza, na tarehe juu yake. Orodha isiyo na tarehe huongezeka. Wiki moja baada ya kusikika kuna mradi, meza 40 huwa 90.

Nyumba au kiwanja kikiguswa, uthamini ni lazima, na uthamini una umri wa miaka miwili. Ukipita bila kulipwa unarudiwa. Miradi mingi ya mjini "iliyosimama kwa kukosa fedha" ilisimamia hapo.

Kalenda

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mlango wa kuingilia unafungwa mapema mno kuliko watu wanavyodhani. Mkutano wa mtaa upitishe jambo Septemba, au Oktoba ikichelewa sana. Kamati ya Maendeleo ya Kata ilibebe kabla ya katikati ya Novemba. Mwongozo wa bajeti hutoka kipindi hicho na idara zinaanza kujaza makisio. Januari na Februari ni kamati za halmashauri na Baraza la Madiwani la bajeti, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha TAMISEMI na Hazina, na Aprili Bunge linaanza vikao vya bajeti. Barua ya Machi ni barua ya mwaka unaofuata, hata iandikwe kwa wino wa dhahabu. Bodi ya Barabara ya Mkoa ni kikao kingine. Katibu wake ni meneja wa TANROADS, na wabunge wamo. Hoja ya malori ya bandarini ipelekeni huko kupitia mbunge au Meya.

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja na nusu. Kichwa cha YAH kitaje kitu kimoja na mahali. Ipitie kwa Mtendaji wa Mtaa na wa Kata, na muhuri wa wote wawili uwepo. Viambatanisho: muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio yaliyotiwa saini, ramani, fomu za kuhesabu, picha zenye tarehe, mchanganuo wa kazi. Nakala kwa meneja wa TARURA, siyo kwa ofisi kumi na mbili. Ukipeleka kwa wote kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia. Mambo saba ni barua saba, kila moja kwa mwenye mfuko wake, na kila moja itaje namba ya kumbukumbu ya nyingine.

Fedha zikipita, angalieni mvua. Zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, tathmini na mkataba vinafika Septemba au Oktoba kama hakuna pingamizi. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Mkandarasi aliyefungua udongo Desemba atakuachia handaki hadi Mei, na malori ya korosho yatapita kando yake yakipanua. Kama mkataba umesainiwa kwa kuchelewa, afadhali aanze na vitu vya kiwandani (pevingi, mifuniko, mawe ya ukingo) avifyatue na kuvimwagilia mvua ikinyesha, achimbe Mei.

Kazi ikikabidhiwa, sehemu ya malipo huzuiwa, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, hadi kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro, kiishe, mara nyingi miezi 12. Andikeni tarehe hiyo ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Baada ya mvua kubwa ya kwanza piteni na kipimo na simu: wapi maji yametuama, mfuniko gani umepasuka, pevingi zipi zimezama na kwa sentimita ngapi. Pelekeni kwa TARURA kwa maandishi mwezi wa kumi wa kipindi hicho, fedha zikiwa bado mikononi mwao.